Pikapu Niliyoinunua Watu Wakiwa Kanisani

Nakumbuka Jumapili moja ambayo sikwenda kanisani. Nilivaa koti langu la ibada, nikashika na Biblia mkononi, mke wangu akadhani nimetangulia, kumbe safari yangu ilikuwa ya mtaa wa Kawangware. Nilikuwa na umri kama huu wako, mwanangu, miaka ile ya tisini, na nilikuwa nakwenda kununua pikapu bila mtu yeyote wa nyumbani kujua. Nimesikia na wewe unatafuta pikapu, tena ya dizeli, tena iliyotembea sana. Ndiyo maana nimekuita. Kaa hapo kitandani, kile kiti kina mguu mbovu, na mimi fundi mbao mzima huu mwaka wa pili sijakitengeneza.

Wakati huo karakana yangu ilikuwa Gatwekera, mtaa wa vichochoro hapa Nairobi, kibanda cha mabati tu, na vitanda vyangu vilikuwa vinapendwa. Sijisifu, uliza wazee waliobaki. Shida ilikuwa kuvitoa mle ndani. Unakibeba kitanda kichwani vichochoroni mpaka barabarani, unambembeleza mwenye mkokoteni, na ukifika Kawangware mteja amechoka kungoja, amenunua kwa mwingine. Niliwaza kwamba siku nikipata pikapu ndipo nitakuwa mtu. Niliweka akiba miaka mingi, mke wangu akidhani ni ya kujenga nyumbani.

Sasa, kulikuwa na Makokha. Tulizaliwa kijiji kimoja huko Magharibi, tukaja Nairobi pamoja, tukalala godoro moja Mashimoni kabla hatujaoa. Mimi nikashika mbao, yeye akashika injini za dizeli. Gereji yake ilikuwa uwanja mtupu kando ya barabara, pale juu ambapo njia ya Gatwekera inatokea. Alikuwa na sikio ambalo sijaona mwingine akiwa nalo. Lori likipita anakwambia silinda gani inaumwa. Na kila aliyemwuliza habari ya kununua gari kuukuu alimjibu maneno yale yale, mpaka nikayajua kama sala.

“Usiangalie mita,” alikuwa akisema. “Dizeli ikitembea kilomita laki tatu na imetunzwa, hiyo bado ni gari. Lakini mwambie mwenyewe asiiwashe. Enda asubuhi na mapema, gusa boneti. Ikiwa moto, imeshapashwa na ubovu wake umefichika; rudi nyumbani, uende siku nyingine. Ikiwa baridi, iwashe wewe mwenyewe, halafu fungua kifuniko cha oili ikinguruma. Moshi ukikupiga usoni, hiyo injini imekwisha.”

Utaniuliza, kwa nini basi sikumwita? Mwanangu, wewe umezaliwa hapa hapa, hujui uzito wa chama cha watu wa nyumbani. Sisi mtu wetu akifia Nairobi hazikwi Nairobi. Lazima arudi akalale kwao, na safari ni ya kutwa nzima. Kwa hiyo mtu wa chama akinunua gari, hilo gari limeshakuwa la matanga. Huulizwi, unaambiwa tu siku ya kuondoka. Nilimwona mmoja wetu, pikapu yake ilibeba maiti mpaka ikakata roho yenyewe, na bado watu wakanung'unika kwamba alichelewa. Na Makokha ndiye aliyekuwa katibu wa chama. Nikajiambia, nikienda naye kuitazama, jioni watu wote watakuwa wanajua. Nilijua wataiona siku moja, lakini nilitaka wanikute nimeshaanza kazi, nina oda za watu, nina cha kujitetea. Nilitaka gari la vitanda, sikutaka gari la majeneza. Ndiyo nikachagua Jumapili, wakati yeye na wengine wote wako kanisani.

Mwenye pikapu alikuwa mtu wa kubeba viazi, mcheshi, maneno yake laini. Nilipofika saa nne hivi, nikaikuta inanguruma nje ya mlango wake.

“Karibu fundi,” akasema. “Nimetoka kushusha viazi saa hii tu. Sikia hiyo sauti. Hii gari haijui kulala.”

Nikaweka mkono juu ya boneti. Moto. Nilisimama pale na kiganja changu juu ya ule moto, na maneno ya Makokha yakanijia yote, hakuna hata moja lililopotea. Lakini nikafikiria, kurudi kesho asubuhi ni kuulizwa na mke unaenda wapi, ni kupita mbele ya gereji ya Makokha na kuulizwa tena. Basi nikasoma mita, laki tatu na kitu, nikatikisa kichwa kama mjuzi, nikapiga gurudumu teke. Kwa nini watu hupiga gurudumu teke? Sijui mpaka leo. Kufika saa sita ufunguo ulikuwa mfukoni mwangu.

Jumatatu kulikuwa na ile baridi yetu ya Julai. Pikapu niliiacha juu barabarani, maana Gatwekera gari haliingii. Nikazungusha ufunguo, ikakohoa. Nikazungusha tena, ikakohoa kidogo, halafu betri ikazimia. Watu waliokuwa wakienda vibaruani wakanisukuma, ikawaka kwa taabu na kutoa moshi mweupe uliofunika kibanda cha maji chote, na mama aliyekuwa akijaza mitungi akanitukana kwa Kijaluo. Nilielewa alichosema. Nikafungua kifuniko cha oili, moshi ukanipiga usoni vile vile nilivyoambiwa.

Gereji ya Makokha haikuwa mbali na pale. Akaja akifuta mikono kwa tambara.

“Sasa, Barasa. Hii ni ya nani?”

“Yangu.”

“Umeinunua lini?”

“Jana.”

Jana hiyo alikuwa ameniwekea nafasi kwenye benchi letu kanisani.

“Na hukuniita,” akasema.

“Kwani kuna haja gani? Injini iko sawa kabisa. Ni baridi tu hii.”

“Sawa, ndugu yangu,” akasema, akarudi kwenye kazi yake.

Nilitamani kumfuata nimwambie wacha mchezo, nimeuziwa takataka, njoo uione. Sikumfuata. Niliona aibu, mwanangu, aibu ya kweli, ile inayokufanya umkasirikie mtu ambaye hajakukosea.

Tangu siku hiyo nikawa mtu wa kutafuta miteremko. Kila jioni naiacha pikapu mahali penye mteremko ili asubuhi niisukume peke yangu, iteremke, iwake kabla watu hawajajaa njiani. Nikipeleka kitanda Kawangware siizimi, mteja anashusha kitanda chake huku inanguruma na kumfukizia moshi. Nikiulizwa inaendeleaje, nasema ni moto sana, haina shida. Kwa kuwa nilikuwa nimeshasema uongo huo, ilibidi niulinde. Nikaacha kwenda kwa Makokha kunywa chai. Nikaacha mikutano ya chama, kisha nikaacha kanisa, maana huko wote walikuwapo. Mke wangu, ambaye sasa alijua akiba ilikokwenda, alikuwa ananipakulia chakula bila neno. Nilikuwa na gari, na sikuwa na mtu wa kumpakia. Kuna siku nilikaa ndani yake, injini inanguruma, nikalia, na sikujua nalilia nini hasa.

Halafu mama yake Makokha akafa. Alikuwa ameletwa Nairobi kutibiwa, akafia huku huku. Mama yule alinilisha tangu nikiwa mdogo, mamangu mzazi alipotangulia. Siku tulipoondoka kijijini mimi na Makokha, alifunga karanga mafurushi mawili sawasawa, akanipa langu na kuniambia nimtunze mwanawe, na kumwambia mwanawe anitunze mimi.

Makokha alikuja karakana mchana. Niliweka randa chini, nikamshika mkono, tukakaa. Kisha akaniuliza polepole, “Utatusaidia na pikapu tumrudishe nyumbani?”

Pikapu ile haikuwa na uwezo wa kuupanda mlima wowote. Ningempakia mama mle, tungelala naye njiani. Nilikuwa na majibu mawili tu. La kwanza lilikuwa kumwambia ukweli, kwamba gari ni bovu tangu siku ya kwanza, kwamba niliigusa boneti ikiwa moto na nikanunua hivyo hivyo, kwa sababu nilikuwa namkimbia yeye. La pili ndilo nililolitoa.

“Siku hizi nina vitanda vya kupeleka Kawangware,” nikasema. “Nimeshachukua oda za watu.”

Alisimama, akafika mlangoni, akageuka. “Hakuna neno lingine, Barasa?”

“Hakuna.”

Akaenda. Mwanangu, nilichagua kuonekana mchoyo kuliko kuonekana mjinga. Siku ile niliona nimepona.

Jeneza la mama yule hawakunipa mimi nilitengeneze. Nilimsikia fundi mwingine akipigilia misumari vichochoro viwili kutoka kwangu, nikakaa na mbao zangu nzuri zimeegemea ukuta. Wakasafiri kwa lori. Nilisimama mbali nikawaona wakiimba na kupanda, wakipeana mikono, na hakuna aliyenifukuza wala aliyeniita. Lori lilipoondoka nilirudi karakana nikapanga vitanda ambavyo hakuna mtu aliyekuwa ameviagiza.

Makokha hakurudi tena Nairobi. Alibaki nyumbani kumtunza baba yake, na uwanja wake wakauchukua watu wengine. Mimi pikapu niliiuza ikiwa chuma chakavu. Kila mwaka nilikuwa nasema nitakwenda nimwombe msamaha, na kila mwaka nikapata sababu. Nilipokwenda hatimaye, nilimkuta mkewe Rosa uani, na kaburi la Makokha lilikuwa limeshaota majani. Hakuna aliyekuwa amenitumia habari. Wangenitumia kwa nini?

Rosa alinikaribisha, akanipa chai. Nikamweleza yote, pikapu, Jumapili ile, boneti, moshi. Akanisikiliza mpaka mwisho.

“Lakini alikuwa anajua,” akasema.

“Anajua nini?”

“Alikuwa anaisikia kila asubuhi pale gereji. Aliniambia gari ya Barasa haiwezi kufika hata Nakuru. Siku aliyokuja kwako, lori la kumbeba mama lilikuwa limeshapatikana. Alisema, ‘Nikimwomba, itabidi aniambie ukweli, na hii maneno itaisha.’ Alikuwa hataki kumzika mama na nyinyi hamsemezani. Aliporudi nikamwuliza, akasema tu, ‘Amekataa.’”

Chai ile sikuimaliza.

Kwa hiyo nisikilize, mwanangu. Hiyo pikapu yako iendee asubuhi na mapema, usimpigie mwenyewe simu kwamba uko njiani. Gusa boneti. Ikiwa moto, ondoka, hata mwenyewe akuapie kwa watoto wake. Kilomita nyingi zisikutishe, na chache zisikudanganye. Na usiende peke yako. Nenda na mtu anayekujua vizuri, hata kama anajua mambo unayotaka kuyaficha, hata kama baadaye atakuja kukuomba gari. Atakuomba, ndiyo. Watu huombana. Mimi nilikimbia kuombwa, na sasa ni miaka mingi hakuna anayebisha mlango huu kuniomba chochote. Wewe ni wa kwanza mwezi huu, na nimekuita mwenyewe.

Na ukidanganywa, maana unaweza kudanganywa hata ukifanya yote haya, sema siku ile ile. Mwambie rafiki yako, “Nimekuwa mjinga.” Atakucheka kidogo. Mwache akucheke. Mtu akisimama mlangoni akakuuliza kama hakuna neno lingine, mwanangu, neno lingine huwa lipo, na yeye analijua, anataka tu alisikie kutoka kwako.

Haya, nenda kabla mvua haijaja. Mungu akuongoze, mikono yako ipate kazi na kazi yako ipate watu. Akupe gari linalowaka asubuhi ya baridi, na siku lisipowaka, akupe mtu wa kumwambia.