Mayai Niliyoyaficha Kwenye Ndizi

Mama mkwe wangu alikuja kwetu mjini, mtaa wa Ng'ambo, akiwa amekonda hadi pete yake ya ndoa ameizungushia uzi isidondoke. Alitoka kijijini, upande wa Nzega, aje kuhudhuria kliniki katika hospitali ya Kitete. Mume wangu, ambaye ni dereva wa lori, alimshusha mlangoni na kikapu chake, akala, akaondoka na mzigo wa Kigoma. Tukabaki wawili. Mimi nilikuwa na miaka minne ya ndoa bila mtoto, na yeye alikuwa na mdomo.

Marehemu hasengenywi, najua, lakini ukweli nao una haki yake. Ugali wangu aliuona mbichi, mlenda wangu maji matupu, na nikifagia uwanja alifagia tena nyuma yangu. Nikimwamkia shikamoo, aliitikia marahaba huku anatazama tumbo langu kwanza, uso baadaye. Wiki ya kwanza haikuisha kabla sijamchukia.

Chakula alikuwa anakidonoa tu. Muuguzi wa kliniki aliniita pembeni akaniambia mzee apewe vyakula laini, na mayai kila siku kama inawezekana. Nilicheka moyoni, maana nilijua haiwezekani. Jioni moja tukichambua mchele alikuwa amenieleza mwenyewe kwa nini hali mayai. Kwao mwanamke hali yai, hilo halikuwa geni kwangu. Ila yeye katika ujana wake aliyala, kwa wizi, akiyatoa kwenye kiota na kuyachoma majivuni akiwa mjamzito. Akazika watoto watatu. Mama mkwe wake akambana hadi akakiri, akamwapisha. Baada ya hapo akazaliwa mume wangu, akaishi. Tangu siku ile hakugusa yai, wala keki ya harusi, wala kijiko kilichogusa yai la mtu mwingine. Alinieleza bila kulia, akiendelea kutoa mawe kwenye mchele.

Mimi nimekulia mtaa wa Mtendeni, hapa hapa mjini, katika nyumba ambayo yai ni kitoweo kama kitoweo kingine. Nilimsikiliza nikamwona mshamba. Asubuhi iliyofuata maneno ya muuguzi, nikavunja mayai mawili.

Nilikuwa na ndizi za Kigoma zilizoiva hadi kuota madoa meusi, zile ambazo muuzaji anakuongezea ili asizitupe. Nilizimenya ndani, nikaziponda kwa uma, nikayapiga mayai humo humo pamoja na chumvi ya kubana kwa vidole viwili, na maganda ya mayai nikayatumbukiza chooni. Kisha nikatoka uani na bakuli, nikakaa mbele ya jiko la mkaa. Yeye alikuwa ameketi hapo hapo juu ya kigoda, anaota moto. Nikachota kijiko kimoja kimoja kwenye kikaango chenye mafuta kidogo. Ndizi hizo zinataka moto mdogo na subira, ukizigeuza mapema zinakatika. Zikaiva rangi ya kahawia, laini, harufu tamu uani kote.

Akala zote. Akaniuliza nimechanganya nini.

"Ndizi na unga wa ngano kidogo, mama."

Akalamba kidole. Tangu afike, ni mara ya kwanza nilisikia akisifu kitu cha mkono wangu.

Basi ikawa kila siku. Yeye kwenye kigoda, mimi kwenye jiko, bakuli langu likitoka ndani limeshakorogwa. Wiki ya pili mashavu yakaanza kujaa na uzi wa pete akaufungua. Akawasimulia majirani kwamba mkamwana wake anajua kupika ndizi. Jirani mmoja aliyekuwa akinikuta na trei ya mayai aliinama akajifanya anafunga kiatu, asionekane anacheka. Nami nilicheka. Mzee akaanza kuniita mwanangu, na nilipenda kuitwa hivyo, na bado nikacheka.

Wiki ya tatu alikuja mdogo wake kumjulia hali. Niliwaacha wakizungumza nikaenda kupika. Walikuwa wanasema Kinyamwezi, wakiamini kwamba mimi wa mjini sisikii kitu. Nilikisikia vya kutosha. Walikuwa wamepata binti, anatoka katika familia ya watu wanaozaa, na kilichobaki ni mume wangu kuambiwa. Mdogo mtu akauliza, na huyu je? Mama mkwe akajibu kwamba huyu anapika vizuri, lakini kuku asiyetaga hafugwi kwa sababu ya manyoya yake.

Wangeweza kunitukana kutwa nzima nikavumilia. Neno hilo, kutoka kwa mtu aliyeniita mwanangu asubuhi ile ile, lilinichoma. Nikapakua ndizi, nikaziweka mbele yake, nikangoja atafune kipande cha kwanza na kukimeza.

"Mama," nikamwambia, "hizo ndizi zina mayai. Mawili kila asubuhi, tangu wiki uliyofika."

Mdogo wake alitema mate chini. Yeye hakutema. Aliuweka mkono kwenye mkeka kama anatafuta pa kujishika, akaniuliza swali moja tu.

"Mwanangu yuko wapi saa hizi?"

Nilimwambia yuko njiani na mzigo mwingine wa Kigoma, huenda amepita Kaliua. Akataka apigiwe simu. Ikawa haipatikani. Akaniomba nirudie, nikarudia, haipatikani. Akaichukua simu yangu akaishika kwa mikono miwili, akakaa nayo kizingitini hadi alasiri, hakunywa hata maji. Ningeweza kumwambia kwamba kule mtandao hukatika kila siku. Sikumwambia. Nilimwona anavyoikodolea macho simu nikafurahi, na nilijua kabisa kwamba ninafurahi.

Simu ilipoita, mume wangu alisema walikuwa wamepasukiwa tairi. Mama yake akamuuliza mikono, akamuuliza miguu, akamuuliza kichwa. Mwanawe akacheka, akamwambia yuko mzima. Nilingoja anishtaki. Alimwambia tu kwamba ameamua kurudi nyumbani, na kwamba mkewe amemlisha vizuri. Asubuhi akaondoka na mdogo wake. Kliniki alikuwa hajaimaliza.

Habari ya yule binti haikusemwa tena. Nikajiona mshindi.

Miezi miwili baadaye mume wangu alinipigia kutoka kijijini. Mama hali kitu. Wanampikia hiki na kile, anasukuma sahani. Ndipo akakumbuka kwamba kwetu alinenepa. "Njoo na zile ndizi zako," akaniambia, na sauti yake ilikuwa ya mtu aliyelia. Nikapanda basi na chane mbili mapajani. Njia nzima niliogopa.

Nilimkuta amebaki mifupa na macho. Nikamwamkia kwa magoti, akaitikia. Nikaliweka jiko mbele ya kitanda chake. Nikamenya ndizi anaona, nikaponda anaona, chumvi anaona, mikono yangu nikaigeuza juu chini kama mtoto anayekaguliwa kucha. Bila mayai hazikushikana, zikakatika kikaangoni, nikapakua vipande vipande.

"Hazina mayai, mama. Umeniona mwenyewe, umekaa hapo."

Alizitazama, kisha akanitazama mimi.

"Siku zile pia nilikuwa nimekaa hapo nakuona," akasema, akairudisha sahani upande wangu.

Nililia, nikamsihi. Nilimwapia kwa jina la Mungu, na kwa mtoto ambaye sijamzaa. Aligeukia ukutani. Kisha nikasikia mume wangu nje anajikung'uta vumbi, anauliza watu kama mama amekula. Nikachukua sahani nikazila mimi, kwa mkono, za moto, nikimeza bila kutafuna vizuri, na mzee akageuka akanitazama mpaka nilipomaliza.

Mume wangu aliingia, akaiona sahani tupu. Aliishika kwa furaha ambayo sijawahi kuiona usoni mwake, akanishukuru mbele ya mama yake, akasema kesho atakwenda Nzega mjini alete mkungu mzima.

"Lete, mwanangu," mama yake akamwambia. "Mkeo anazipenda sana."