Sanduku la Maharage la Fundi Friji

Tangu marehemu mkewe aanguke jikoni na mwiko mkononi, Fundi Friji aliogopa pakiti. Kabla ya hapo watu walimjua kama mtu asiyejua woga. Alishika nyaya za umeme kama anayefunga kamba za viatu, na gesi ikivuja karakanani wenzake walitimua mbio, yeye akabaki kulitafuta tundu. Lakini sasa akiingia dukani na kuona supu za unga, soseji na vidonge vya mchuzi vimepangwa rafuni, moyo ulimwenda mbio na viganja vikalowa jasho.

Ndivyo vitu walivyokula nyumbani kwake kwa miaka. Mkewe alirudi kazini amechoka, naye alichelewa karakanani, na pakiti ilikuwa tayari maji yakichemka tu. Presha ikampanda mama wa watu kimyakimya, mpaka kiharusi kikamchukua. Mungu ndiye ajuaye siku za waja wake, na Fundi hakubishana naye. Alimwomba jambo moja tu, asubuhi na jioni: asimguse Kasuku.

Kasuku alikuwa binti yake wa pekee, mwanafunzi wa sekondari, msemaji kupita redio. Baada ya msiba, muuguzi wa zahanati ya mtaani alishauri wote nyumbani wapimwe presha. Alipomfunga Kasuku kile kitambaa mkononi, akakitazama kipimo, kisha akakirudia, Fundi alijua hata kabla ya kuambiwa.

"Imepanda, baba. Bado mdogo, tutaanza na chakula. Chumvi ipungue, vya pakiti muache, mpike wenyewe vitu vya shambani. Mkirudi na hali ikiwa hivi, daktari atamwanzishia dawa."

Muuguzi alisema dawa. Fundi aliona jeneza.

Siku hiyohiyo alikomba vyote vya pakiti kabatini jikoni na kuvitia kwenye gunia. Mama mkwe wake, aliyeishi nao na ambaye macho yake yalikuwa yamefifia, alisikia tu mchakacho wa pakiti.

"Baba, soseji zangu zimekukosea nini?"

"Nisamehe, Mama. Zina chumvi nyingi."

"Mimi mwenyewe nimekula chumvi nyingi. Utanitia gunia gani?"

"Bibi, wewe ukitupwa jalalani, mbwa watahama," Kasuku akadakia.

"Watahama kwa sababu ya mdomo wako, mke mwenzangu."

Walicheka, lakini Fundi hakucheka. Alikuwa anamtazama binti yake shingoni, pale mshipa unapodunda.

Wakaanza maisha ya mboga za majani, viazi vya kuchemsha, matunda na unga usiokobolewa. Bibi alisema chakula kina ladha ya maji yaliyooshewa vyombo, ila alikula. Tatizo lilikuwa maharage. Yanataka moto nusu siku, Fundi yuko karakanani, Kasuku shuleni, na Bibi hawezi kuachiwa jiko linalowaka.

Hapo ndipo ufundi ulipompa wazo. Karakanani kulikuwa na friji ndogo ambayo mota yake ilikufa na mwenyewe hakurudi kuichukua. Kuta zake zilikuwa nzima. Ukuta unaozuia joto kuingia, Fundi aliwaza, utalizuia pia kutoka. Akaileta nyumbani, akailaza chali, akaitandika blanketi kuukuu. Siku ya ibada aliamka mapema, akachemsha maharage mekundu mpaka povu la kwanza, akaifukia sufuria ndani ya friji, akafunga mlango na kwenda kusali.

Waliporudi, sufuria ilikuwa bado ya moto. Kwa mara ya kwanza tangu msiba, Fundi alitabasamu.

"Haya maharage yana mifupa," Bibi akasema, akasukuma sahani. Yalikuwa magumu kidogo kweli. Lakini Kasuku aliona lile tabasamu la baba yake, akala sahani mbili.

Alasiri, Kasuku alinyamaza. Fundi alikuwa anakaza skrubu ya feni, na ule ukimya ukamfikia kama mkono baridi mgongoni. Alimkuta amejikunja sakafuni, jasho linamtiririka, midomo imepauka. Akatapika, akatapika tena, mpaka hakikubaki kitu. Tumbo la Fundi nalo lilikuwa linasokota, lakini alimbeba binti mgongoni, akakimbia naye zahanati, akitapika njiani na kusali hapohapo: "Si huyu, Mola wangu. Nichukue mimi, si huyu."

Muuguzi alikuwa zamu. Akauliza walichokula, Fundi akaeleza habari za friji. Muuguzi alikoroga maji kwenye kikombe, sukari na chumvi. Fundi akamdaka mkono.

"Chumvi?"

"Niachie, baba. Amepoteza maji mengi. Leo hii chumvi ndiyo dawa yake." Akamnywesha Kasuku kijiko kwa kijiko. "Maharage mekundu mabichi yana sumu. Yaloweke usiku kucha, mwaga maji, kisha yatokote kwa moto mkali mpaka yaive. Wewe umeyapa joto tu, hayakutokota."

Fundi aliketi chini, kichwa mikononi. Alikuwa amezikimbia pakiti, na sasa kwa mikono yake mwenyewe amemlisha mtoto sumu.

"Tutarudi dukani," akanong'ona. "Angalau zile zinaua polepole."

"Baba." Sauti ilitoka kitandani, nyembamba kama uzi. "Friji ikikushinda siku ya kwanza, huwa unaitupa?"

Fundi akalia mbele ya watu, bila kujificha. Kasuku alikuwa amesema.

Hawakurudi dukani. Maharage yakawa yanalowekwa, maji yanamwagwa, na Fundi anasimama mbele ya sufuria ikitokota kwa kishindo mpaka punje ipondeke kwa kidole, ndipo aifukie kwenye friji ibaki na joto. Waliporudi kupimwa, alifumba macho wakati kitambaa kinajaa upepo.

"Imeshuka," muuguzi akasema. "Haijafika tunapotaka, ila imeshuka. Dawa tuziache kwanza. Endeleeni."

"Pima tena," Fundi akasema. Akapima tena. Ilikuwa ileile.

Hofu haikumtoka hata hivyo. Mpaka leo, sufuria ikitengwa mezani, hakuna anayeruhusiwa kugusa kabla yake. Hupakua kijiko, hutafuna taratibu, hutulia, na macho yake hayabanduki kwenye shingo ya Kasuku. Wengine husubiri, njaa inawauma.

"Baba," Bibi huuliza hatimaye, "umekufa?"

"Bado, Mama."

"Basi tusali, tule."