Beseni la Kumwogesha Mkwe

Wanaosimulia mafunzo ya uuguzi ya miaka ile ya ujamaa husifu sana nidhamu yake. Mimi nilisomea uuguzi katika hospitali moja huku kwetu Mara, na ninachokumbuka zaidi ni hofu. Wanafunzi ndio tuliobeba kazi ya wodi. Tuliogesha wagonjwa, tulifunga vidonda, tulimwaga vyombo vya haja, kisha mchana tulisinzia darasani tukaitwa wavivu. Tuliitana ndugu, lakini neno moja la sista mkuu wa wodi lilitosha kumrudisha ndugu kwao.

Mwenzetu mmoja, binti wa Kikurya, alikuwa ameshaposwa. Ng'ombe wa mahari walikuwa wamefika kwao. Harusi ilisubiri amalize mafunzo. Asubuhi moja tuliingia wodi ya wanaume tukamkuta mzee kutoka Gorong'a, mwenye kidonda kibaya cha mguu. Binti alipomwona alirudi nyuma mpaka mlangoni. Alikuwa baba wa mchumba wake.

Kwetu, mwanamke na baba mkwe huheshimiana kwa kukaa mbali. Hawapeani mkono wala hawali pamoja. Mkwe kuonwa uchi na mke wa mwanawe ni aibu ambayo wote wawili hubaki nayo maisha yao yote.

Sista, mwenyeji wa mkoa mwingine, alikuwa amempangia binti kitanda hicho. Mimi nilipangiwa cha jirani.

"Sista, naomba tubadilishane," nilisema. "Mimi nimwogeshe mzee, yeye achukue mgonjwa wangu."

"Nani kakuuliza?"

"Yule ni mkwewe."

"Hapa hakuna mkwe, kuna mgonjwa. Anayetaka wakwe aende kwao akasonge ugali."

Dereva mmoja wa lori, aliyelazwa dirishani, akaingilia. "Basi njoo uniogeshe mimi, Sista. Mimi sina mkwe hata mmoja."

Wodi ikacheka. Nadhani kicheko hicho ndicho kilichotuponza, maana baada yake sista hakuweza tena kulegeza bila kuonekana ameshindwa.

"Shika beseni," alimwambia binti, "au nenda kafungashe."

Binti akashika beseni. Alitembea ameugeuzia uso ukuta, maji yakimwagikia viatu vyake. Mzee alikuwa amejifunika blanketi gubigubi. Kutoka humo ndani akasema kwa Kikurya, bila kumtaja mtu, "Mwambieni mtoto wa watu apumzike. Mimi ninaondoka."

Akashusha mguu ule mbovu sakafuni, akajizungushia blanketi, akaenda akishikilia vyuma vya vitanda, kimoja baada ya kingine.

"Mzee, rudi kitandani," sista alisema.

"Asante kwa dawa, mama," akajibu kwa Kiswahili, bila kusimama.

Wanawe walikuwa nje wakimpikia uji. Wakambeba.

Sista alitutangazia kuwa mgonjwa amekataa matibabu. Amekataa! Mtu aliyesafiri na kidonda kutoka Gorong'a kuyafuata matibabu hayohayo. Hakuna mkubwa aliyemuuliza sista swali, na sisi wanafunzi hatukuwa na pa kulipeleka.

Binti hakufukuzwa. Aliendelea na zamu. Kisha habari ikaja kwamba mzee amekatwa mguu katika hospitali nyingine. Asubuhi iliyofuata binti alikunja gauni lake jeupe, akaliweka juu ya meza ya sista, akaondoka.

Aliolewa kwenye nyumba ileile. Mzee mwenyewe alisisitiza. Niliwahi kupita huko. Mwenzetu alikuwa akipika, na watoto wake wakimpelekea babu yao chakula upande wa pili wa ua, alikokaa na mguu wake mmoja. Mama yao hakuniuliza habari za hospitali.

Bado nina hasira. Asubuhi ile nilikuwa nimesimama hatua chache kutoka kwa mzee, na mimi pia nilikuwa nimeshika beseni la maji ya moto.