Mashavu ya Likizo

Sijawahi kuona watu wanaopenda mashavu ya mwenzao kama watu wa chumba chetu pale Naif, Dubai. Tulikuwa sita, Watanzania watupu, na sheria kubwa ya chumba haikuwa ya kufagia wala ya kuoga kwa zamu. Ilikuwa hii: mtu akikaribia likizo, analishwa. Mwezi mzima kabla ya safari hapiki, haoshi sufuria, na sahani yake ndiyo inayojazwa kwanza. Biriani, parata za mafuta, soda baridi, na chai ya karaki iliyotiwa maziwa ya kopo mpaka inanata midomoni. Lazima ashuke kwenye ndege amenona, ili nyumbani waseme Dubai imemkubali. Akishuka mwembamba, aibu ni ya chumba kizima.

Upuuzi huo nusura ummalize Gervas.

Gervas alikuwa dereva wa foklifti, ile mashine ya kunyanyulia mizigo, kwenye ghala moja karibu na uwanja wa ndege. Mtu wa Muleba, Kagera, mpole, mcheshi akishakuzoea. Kutwa aliketi kwenye foklifti, akishuka hapo anaketi kwenye basi la kampuni, akifika chumbani anaketi kitandani. Kila zamu alikunywa makopo mawili matatu ya vile vinywaji vya kuongeza nguvu asije akasinzia. Tumbo likaja, na chumba kikalishangilia kana kwamba amepandishwa cheo.

Mwaka 2016, miezi michache kabla ya likizo yake, kampuni iliwapima afya wafanyakazi. Daktari akamwambia sukari yake imepanda, ila bado haijawa ugonjwa. Yuko mlangoni. Akiacha soda, akapunguza wali na chai tamu, akatembea kila siku, anaweza kurudi nyuma bila dawa yoyote. Akiendelea kama alivyo, ataingia.

Mwingine angepuuza. Gervas hakuweza, kwa sababu ya kaka yake, Faustini. Faustini alimtangulia Dubai, akafanya kazi ya ulinzi miaka mingi, akarudi Muleba na kitambi kilichopokelewa kwa vigelegele. Kisukari alikuwa nacho tayari na hakuna aliyejua. Kidonda kidogo cha kidole kikagoma kupona, na mwisho wakamkata mguu chini ya goti.

"Mimi sirudi vile," Gervas aliniambia. Alisema hivyo tu, akavaa raba.

Alikuwa anaamka alfajiri na kuzunguka mitaa ya Naif kabla maduka hayajafunguliwa, akipishana na wabeba mizigo na matoroli yao. Chai akainywa bila sukari huku amekunja uso. Wali akaupima kwa kiganja, nafasi iliyobaki kwenye sahani akaijaza mchicha na maharage. Wiki za kwanza kichwa kilimgonga na maneno yake yakawa makali. Mimi nilimwelewa. Mtu anayeachana na soda katika joto lile ana haki ya kununa.

Lakini chumba hakikumwelewa. Aliyeongoza vita alikuwa Ibra, kijana wa Temeke aliyejiteua mwenyewe kuwa mkubwa wa chumba.

"Kaka, unaenda nyumbani au unaenda kuzikwa?" alimuuliza siku moja, mbele ya wote. "Utasema ulikuwa unakula nini huku, mchanga?"

Wakacheka. Gervas akaendelea kumenya tango lake.

Siku aliyorudi kutoka kupimwa mara ya pili, aliingia ameangaza uso kama mtoto aliyefaulu mtihani. "Imeshuka!" alisema. "Daktari kasema niko sawa, niendelee hivihivi."

Ibra alimtazama juu mpaka chini. "Sawa gani? Hiyo shingo utaificha wapi?"

Nilitamani kumrushia ndala. Mwenzako amejiokoa, wewe unamhesabia mifupa ya shingo! Kesho yake Ibra akarudi na jaketi zito la mtumba lenye mabega mapana, eti Gervas alivae siku ya kusafiri ili aonekane ana mwili. Jaketi la baridi, la kuvaliwa Muleba juani.

Kisha nyumbani nao wakaingia. Yuliana, mkewe, alipiga simu ya video, akamkazia macho.

"Baba Jovia, mbona mashavu yameingia? Unaumwa nini usichotaka kuniambia?"

Gervas akaeleza yote, sukari, daktari, matembezi. Yuliana alisikiliza, ila uso haukutulia. Kwao Kagera, tangu Ukimwi uingie, kukonda kuna jina lake, na jina hilo limezika nyumba nzima nzima. Majirani waliokwisha kuona picha zake walikuwa wameanza kunong'ona, na mama yake Yuliana, kwa aibu, alikuwa hatoki tena kwenda kanisani.

"Kula, mume wangu," Yuliana alisema. "Mwezi huu tu. Ukifika utaendelea na mambo ya daktari."

Hilo ndilo lililomvunja. Jioni ile alikula biriani akaongeza, na asubuhi hakuamka kutembea. Ibra alipiga makofi. Mimi nilikasirika mpaka chakula kikanishinda, maana niliijua ile "mwezi huu tu." Ukifika nyumbani kuna harusi, kuna ubarikio, kuna wageni wanaokuja na kreti za soda kwa heshima yako. Hakuna mahali mwezi ule unapoishia.

Ijumaa ya kumuaga, chumba kilipika kama sikukuu. Ibra aliiegemeza simu kwenye chupa ya chai ili watu wa Muleba waone. Walikuwa wamejaa kwenye kioo, Yuliana katikati, mama yake pembeni. Ibra akammiminia Gervas karaki kwenye kikombe kikubwa, akaongeza maziwa ya kopo juu.

"Kunywa, mkwe, tukuone," mama mkwe akasema.

Gervas akakiinua. Akakirudisha mezani kwa kishindo, chai ikamwagika.

"Faustini alirudi mnene, mkampigia vigelegele!" alipaza sauti. Sikuwahi kumsikia akipaza sauti. "Alipokatwa mguu, nani kati yenu alipiga kigelegele? Nimepona na hamtaki! Mnataka niugue ndiyo mfurahi?"

Kwenye simu mama mkwe akatikisa kichwa. "Mkwe, sisi tunaangalia watu watasema nini."

"Mama, basi," Yuliana akamkata. Alikuwa analia. "Faustini anaogeshwa na nani sasa? Na hao watu? Anaogeshwa na mke wake, kila siku, peke yake, na nyumba yao haikanyagwi na mtu." Akaisogeza simu karibu na uso wake. "Gervas, usinywe hiyo chai. Njoo ulivyo."

Gervas akakaa chini, akafunika uso kwa viganja. Ibra, bila haya, akanyoosha mkono kukichukua kile kikombe akinywe yeye. Nikakiwahi, nikakimwaga kwenye sinki.