Shavu la Upande wa Barabara

Jovina, fundi cherehani wa Bugarama, alikuwa na shavu moja zuri na jingine lililoungua. Lililoungua ni la kushoto. Ngozi ilikunjamana na kung'aa kama plastiki iliyosogezwa karibu na moto, ikaivuta kope ya chini hata jicho likawa halifungiki. Lilitoa machozi mchana kutwa kwa vumbi la barabara. Wageni walidhani analia. Yeye alijifuta kwa kipande cha kitambaa, akaendelea kukanyaga cherehani.

Naandika habari zake kwa sababu hapa kijijini zinasimuliwa ovyo na watu ambao hawakuwepo. Mimi nilikuwepo. Elimu yangu ni ya shule ya msingi ya misheni, Rulenge, lakini tulifundishwa kuandika jambo kama lilivyotokea, na sijasahau.

Alikuja mwaka wa tisini na tatu, mvua za vuli, nchi ya Burundi ilipochafuka na watu wakavuka mto Ruvubu kwa maelfu. Jirani yangu Selestina alipata kibarua cha kupika uji kambini. Yeye na mumewe Marcel hawakujaliwa mtoto. Siku hizo mimi nilikuwa Biharamulo kumhudumia binti yangu aliyejifungua, na niliporudi nikakuta mtoto wa kike ndani ya nyumba ya Selestina, umri wake kama miaka minne hivi, shavu limefungwa kitambaa na kidonda kimeanza kukauka. Jina lake alilijua: Nahimana. Jina la baba hakulijua, wala la kijiji. Selestina aliniambia amepotezana na watu wake. Habari za kidonda sikumuuliza. Mwaka ule kila aliyevuka mto alikuwa na kidonda chake.

Akabatizwa Jovina, akakua kama mtoto wa Marcel. Lugha haikumpa shida, kwa maana Kirundi na Kihangaza chetu vinasikilizana. Kilichomtesa ni shule. Watoto walimwita Nusu. Walimwambia Mungu alichoka kabla hajammaliza. Siku moja alirudi katikati ya masomo, akajifungia jikoni, akasema harudi tena. Mimi nilikuwa hapo nimekuja kuomba moto. Selestina aliingia akamtoa, akamkalisha mapajani ingawa alikuwa mkubwa tayari, akamwambia:

"Usililie shavu lako. Hiyo ni alama. Mama yako anakutafuta, na atakujua kwa hiyo. Ukilificha, atakupita."

Mtoto akajifuta uso. Kesho yake akaenda shule mwenyewe.

Basi neno lile likawa ndilo maisha yake. Walipokuja wale watu wa kuwapiga picha watoto waliopotea ili ndugu zao watafutwe, Jovina aliligeuza shavu la kushoto mbele ya kamera bila kuambiwa. Picha ikabandikwa pamoja na za wenzake, ikakaa mpaka jua likaifuta. Hakuna aliyekuja. Kambi zikafungwa, Warundi wakarudishwa kwao, yeye akabaki.

Aliolewa Bukiriro na mwashi mmoja aitwaye Clever. Mama mkwe wake alimwamuru ajifunike anapokutana na mwanamke mjamzito, asije mtoto akaiga sura. Jovina akatii. Lakini wifi yake alijifungua mtoto mfu, na ikasemwa kwamba siku moja kisimani kitenge kilimteleza. Clever alimrudisha mwenyewe, akamwacha kwenye ua wa Marcel na mkoba wake, akageuza baiskeli. Marcel alikufa mwaka uliofuata.

Baada ya hapo ndipo Jovina alijifunza kushona. Alipanga kibanda pale gulio linapoanzia, penye barabara inayotoka upande wa Burundi. Siku za kawaida alijitanda kitenge mpaka chini ya jicho. Kanisani vivyo hivyo. Lakini siku za gulio, Warundi wanapokuja na mawese na vikapu, alikitoa kitenge. Cherehani yake aliikalisha ili shavu la kushoto lielekee barabarani. Wanawake wa sokoni walimcheka, wakisema fundi ameweka kibao cha biashara. Yeye aliendelea kushona. Mimi nilijua anachofanya, na Selestina alijua.

Sasa ninafika kwenye habari yenyewe.

Yuko mama mmoja Biharamulo mjini, Raya, mfanyabiashara wa vitambaa. Watu wake wana asili ya pwani. Raya ndiye aliyekuwa akimpa Jovina kazi ya kushona sare za shule. Mwaka jana alikuja Bugarama kuchukua sare zake, akakuta jicho la Jovina limevimba. Akaketi. Akamweleza kwamba mpwa wake Taufiki ni muuguzi Mwanza, na kwamba madaktari wa kurekebisha sura wangekuja huko kwa muda, wanatibu bure. Wangechukua ngozi ya paja na kuipandikiza shavuni, na kope wangeiinua. Taufiki angeweza kuandikisha jina lake. Usafiri ungekuwa juu ya Raya mwenyewe.

Jovina akamshukuru, akasema hapana.

"Hapana ya nini, mwanangu?" Raya akamuuliza. "Unaogopa kisu?"

"Siogopi kisu, mama."

"Basi unaogopa kupendeza. Maana mimi sijaona mtu anapewa uso anaukataa."

Jovina akamweleza ile habari ya alama. Raya alimsikiliza mpaka mwisho, halafu akasema taratibu kwamba huyo mama, kama yu hai, ni mzee sasa, na macho ya wazee hayaoni mbali. Akampa muda wa kufikiri mpaka mwisho wa mwezi, akapakia sare zake akaondoka.

Kila mtu akawa na la kusema. Wengine walisema akatengenezwe, aolewe tena. Wengine walisema hiyo si dawa, ni urembo, na mtu mzima hapasuliwi kwa ajili ya urembo. Kilichotushangaza ni Selestina. Mzee wa watu ambaye hata kwenda Rulenge kutibiwa macho yake hataki, alianza kumsukuma Jovina aende. Asubuhi nenda, jioni nenda. Alimfulia nguo za safari kabla mwenzake hajakubali.

Watu wa hapa hawaachi jambo lipite. Wakasema Selestina anaogopa kufa peke yake, anataka alama ifutwe ili Warundi wasije kumchukua mtoto. Maneno hayo yalimfikia Jovina, akaja kwangu.

"Shangazi, mama anataka nini kwangu?"

Nilimwambia amuulize aliyemlea. Alisema amemuuliza, na jibu ni moja tu, kwamba amechoka kumwona anajifuta jicho. Hakuliamini. Aliniambia ameshaamua: hatakwenda. Kama mama yake alizaa watoto watano au kumi, yeye hajui, lakini mwenye shavu hili ni mmoja, na hawezi kulitupa mwenyewe kwa mkono wake. Niliona ana haki. Nilimwambia hivyo.

Gulio lililofuata mvua ilinyesha vibaya. Mrundi mmoja muuza mawese akaingia kibandani na suruali nyeusi mkononi, akiomba ipunguzwe urefu. Tulimfahamu sote. Alikuwa akija miaka mingi, na Jovina mwenyewe alikuwa mteja wake. Hata jina lake hatukuwahi kumuuliza. Sisi tulimwita Mawese, naye alimwita Jovina Fundi. Kwa kawaida wateja husimama nje, upande wa barabara. Siku hiyo, kwa ajili ya mvua, alipita ndani mpaka nyuma, akakaa juu ya gunia upande wa kulia wa cherehani. Mimi nilikuwa mlangoni nasubiri blauzi yangu.

Jovina akamuuliza kama suruali ni ya harusi. Akasema hapana, ni ya msiba. Mama yake alikufa mwaka uliotangulia huko Muyinga, na wiki iliyofuata wangeondoa msiba, jambo ambalo Warundi huliita kuganduka. Siku hiyo watoto wote wa marehemu hukaa pamoja mbele ya ukoo, na asiyekuwepo lazima atajwe aliko, kama ni hai au ni mfu. Akasema yeye ndiye mkubwa, na kuna mmoja ambaye hajui amtaje vipi.

Nilipomgeukia nikaona anamtazama Jovina aliyeinamia sindano. Alimtazama hata nikataka kumkemea.

"Fundi," akasema, "wewe ni mtu wa wapi?"

"Wa hapa hapa."

"Jina la nyumbani?"

Jovina akaacha kukanyaga. "Nahimana."

Yule mtu akainuka, akakaa tena. Akasema kwa Kirundi kwamba walivuka na kuku mwekundu ndani ya kikapu, na kuku alipoanguka majini mtoto alimlilia kuliko alivyowalilia watu. Jovina akasema kuku alikuwa na mguu mmoja mbovu. Habari ya kuku huyo alimwambia Selestina peke yake, nami niliijua kwa Selestina. Hakuna mwingine duniani.

Yule mtu jina lake ni Ndayisenga. Alinyoosha mkono, akalifunika shavu la kushoto la dada yake kwa kiganja, akauangalia uso uliobaki.

"Huyu ni mama," akasema. "Huyu ni mama kabisa. Miaka yote hii nakuona. Nimekupimia mawese nikakurudishia chenji. Ningejuaje? Mtoto tuliyempoteza hakuwa na doa. Mama amekufa anaulizia mtoto mwenye uso safi."

Nilidhani Jovina hajaelewa, maana alimwuliza tena polepole: shavu hili, mama hakuwahi kuliona? Ndayisenga akasema hakuwahi. Walimpoteza pale mtoni, naye alikuwa mzima. Kila gulio, akasema, mama alimtuma aangalie nyuso, na alipoona mtu ameungua alipita moja kwa moja.

Jovina akafunga cherehani. Tulikwenda watatu kwa Selestina, mvua ikitunyeshea. Selestina alikuwa anachambua maharage. Alimtazama Ndayisenga, akajua. Hakuna aliyemwambia huyu ni nani.

"Niliungua wapi?" Jovina akamuuliza.

"Kambini. Kwenye mstari wa uji. Watu walisukumana, sufuria likapinduka. Ulikuwa umesimama peke yako mbele."

"Sufuria la nani?"

"Langu."

"Na ile alama?"

Selestina aliyaweka maharage chini. "Ulikuwa unalia," akasema. "Ningekwambia nini?"

Mimi nimeishi na Selestina mlango kwa mlango, nimezika naye mumewe, na sikujua. Alipoona mtoto amelishika lile neno, alishindwa kumnyang'anya. Nafikiri ilikuwa hivyo. Na Raya alipokuja, Selestina aliona njia ya kulifuta shavu kabla halijasema lenyewe. Lakini hayo nayafikiri mimi. Yeye hajanieleza mpaka leo.

Jovina alivuka mpaka na kaka yake kwenda kuganduka. Aliporudi alifikia kwangu, si kwa Selestina. Nilimpikia, hakula. Alisimulia kwamba mama zake wadogo, ndugu wa marehemu, na wazee wa ukoo walimpokea kwa machozi, na kwamba alikalishwa mahali pake kati ya watoto. Kaburi aliliona. Halafu akasema:

"Kila aliyenisalimia alilifunika kwanza kwa kiganja chake. Mmoja baada ya mwingine. Hakuna aliyenisalimia bila kulifunika. Shangazi, mwambie mama Raya nitakwenda Mwanza."

Nilimwuliza kama anakwenda ili apendeze. Akasema hajui neno hilo. Anakwenda ili mtu amtazame bila kwanza kumfunika.

Aliondoka alfajiri bila kuaga nyumba ya Selestina. Ndayisenga alimsindikiza mpaka Nyakanazi, na huko Raya akampokea, wakaendelea kupitia Geita na lile daraja jipya la Busisi. Selestina alisimama uani akiwa na mfuko wa nguo alizomfulia. Zilibaki.

Madaktari hawakumaliza kwa mara moja. Ngozi ya kwanza iliharibika, ikaoza, wakachukua nyingine. Alikaa huko hata tukaanza kusema amekufa. Aliporudi, jicho lilikuwa linafungika, na hilo ni jambo kubwa, sitalidharau. Shavu lilikuwa laini, ila lilikuwa jeusi kuliko uso wote, kama kiraka cha kitambaa kingine, na mdomo ulikuwa umesogea kidogo. Si uso wa zamani, si uso wa yule mama wa Muyinga. Raya anasema rangi itafanana polepole. Ndayisenga alikuja kumwona. Aliniambia pembeni kwamba sasa hata upande wa kulia hamwoni tena mama yake vizuri. Labda ni ule mdomo. Nilimwomba asimwambie dada yake.

Jovina amehamishia cherehani Rulenge, amepanga chumba karibu na misheni. Kabla ya kuhama alikwenda nyumbani kwa Selestina kuchukua vitu vyake, nami nikamfuata, kwa maana nilijua yule mzee hawezi kubaki peke yake baadaye. Jovina alikuwa amemletea sukari na sabuni, kama tunavyowapelekea wazee wowote. Alisimama kizingitini, uso wazi.

Miaka yote alikuwa akimwita mama. Siku hiyo alisema, "Shikamoo, bibi."

Selestina alimtazama lile shavu jipya. Akaitika marahaba, akamsogezea kiti, jinsi anavyosogezewa mgeni. Jovina alichukua kitanda chake cha kamba na sufuria zake mbili, akaviweka juu ya pikipiki. Kwenye kiti hakukaa.