Mwanasha na Jedwali la Waliotapika

Mwanasha wa Tingi, binti wa wakulima wa korosho, anafanya kazi ya dawa na hajawahi kugusa hata kidonge kimoja cha kampuni yake. Nalisema hili mapema kwa sababu nimechoka kuulizwa na majirani kama anaweza kuwapatia za presha. Hana! Yeye anapokea taarifa za wagonjwa wanaojaribiwa dawa mpya, anaandika programu, na kompyuta inatoa majedwali: wangapi wamepona, wangapi wameumwa kichwa, wangapi wametapika. Yote hayo anayafanya barazani kwake Kilwa Masoko, kajifunga khanga.

Mumewe Maftaha ana kazi hiyohiyo, kampuni hiyohiyo. Mshenga wao nilikuwa mimi, Likwata, na ndoa nilizopelekea posa mimi hazivunjiki.

Kazi yao ina sharti. Kila jedwali hutengenezwa na watu wawili, kila mtu kivyake, bila kuchunguliana, ndipo majibu yalinganishwe. Safari hii kampuni ikawapa wao wawili jedwali moja.

Basi mama yake Maftaha, Bi Mboni, akaja kutoka Mitole kuwasalimia. Akamkuta mwanawe kajifungia chumbani, mkwewe barazani, na mmoja akipita, mwenzake anafunika kompyuta. Akanipigia simu huku analia.

“Likwata, njoo uione ndoa yako. Hawa wanafichana!”

Nikapanda bodaboda. Jina la mshenga likichafuka, nani atamtuma tena?

“Shikamoo, baba,” Mwanasha akanipokea.

“Marahaba. Mna ugomvi gani?”

Wakacheka mpaka nikakasirika. Wakanieleza lile sharti, wakasema wamemaliza na wanalinganisha sasa hivi, nishuhudie mwenyewe.

Majibu hayakulingana. Jedwali la Maftaha lilikuwa na mgonjwa mmoja zaidi aliyetapika.

“Umemwacha mtu,” Maftaha akasema.

“Wewe ndiye umemzidisha.”

“Mimi?”

“Kwani kuna mwingine?”

Ugomvi niliokuja kuusuluhisha ukaanzia hapo, mbele ya macho yangu. Bi Mboni naye akatia kuni: “Mwanangu huyu tangu shule hakosei hesabu.”

Niliogopa kwelikweli. Mke akiambiwa hivyo na mama mkwe, jibu lolote atakalotoa ni baya. Mwanasha alitumiminia chai, midomo kaibana, na Maftaha akarudi chumbani kuzisoma upya kanuni za utafiti. Nikamwomba Mungu kijana asiwe mtoto wa mama leo.

Akatoka, akasimama mlangoni.

“Mama, aliyekosea ni mimi. Yule mgonjwa alitapika asubuhi, kabla hajaimeza dawa. Kanuni inataka tuwahesabu waliotapika baada ya kumeza. Mwanasha yuko sahihi.”

Aliyasema kwa sauti ya kawaida, kama anayetuarifu kuwa maji yamechemka. Mwanasha akainamisha uso, ila tabasamu nililiona.

Bi Mboni akaweka kikombe chini.

“Hebu rudia.”

Akarudia.

“Baba yako, Mungu amrehemu, nimekaa naye mpaka namzika,” akasema taratibu. “Neno hilo sikuwahi kulisikia kinywani mwake.”

Kisha akanigeukia. Nikajiandaa kulaumiwa.

“Likwata, kwenye hiyo kampuni yao hakuna mzee aliyefiwa na mke?”