Sauti ya mama yake niliifuta mimi

Admin, naomba unisitiri jina. Mimi ni dada wa miaka 28, kwetu Iringa, nafanya kazi Tabora kwenye mradi mdogo wa kurekodi simulizi za wazee. Sauti tunazozirekodi huhifadhiwa kwenye seva iliyoko Dar.

Kutuma faili moja moja kulinichosha, nikatengeneza programu ya kuyatuma yenyewe kila jioni, kwa ufunguo wa siri ili asiyehusika asiyasikilize. Ikishatuma, inafuta kwenye laptop nafasi isijae. Bosi alinisifu mbele ya wenzangu.

Siku moja tulikwenda Sikonge kwa bibi mmoja mgonjwa. Tulipomaliza, mwenzangu akatoka kufunga vifaa vingine kwenye pikipiki. Binti yake anayemuuguza alikuwa kisimani. Bibi akanishika mkono.

"Mjukuu wangu, usizime kwanza. Mwanangu alikwenda machimboni Nzega, mwaka wa tisa huu hajarudi. Nataka nimwachie neno."

Akaongea Kinyamwezi kama dakika kumi, mara analia, mara anacheka. Kinyamwezi changu mimi ni cha salamu tu. Nikawa naitikia kwa kichwa.

Bibi amefariki. Mwanawe karudi, kakuta kaburi. Dada yake, yule aliyemuuguza bibi na kuambiwa naye, akamwambia, mama kakuachia maneno kule mradini.

Nilipoyatafuta kwenye seva, hayakuwepo. Dar walikuwa wamebadilisha funguo za seva, ujumbe wao sikuusoma. Kila jioni programu yangu ilikuwa inakataliwa, kisha inafuta hivyo hivyo, kwa kuwa mimi sikuwa nimeiagiza ihakikishe faili limefika ndipo ifute. Sauti za wiki tatu zimekwenda. Fundi wa mjini kahangaika na laptop, hakuambulia kitu.

Huyu kaka ameshakuja mara nne kwa baiskeli. "Dada, bado?" Nami namjibu, "Bado wanashughulikia Dar, kaka." Juzi kaja na simu aliyoinunua makusudi aiweke sauti hiyo. Akaniuliza taratibu, "Si ulikuwepo? Alikuwa na hasira na mimi, au alinisamehe?"

Nikamwambia nimeitwa ndani. Nikajifungia chooni nikalia.

Mwenzangu anasema, "Mwambie mama alimsamehe, yaishe." Lakini nitamsemeaje marehemu nisichokielewa? Na nikisema ukweli, nimemzika mama yake mara ya pili.

Jumatatu anarudi. Ndugu zangu, ingekuwa ni nyie, mngemwambia nini?